Kiko cha Koko Katika Ukungu wa Butembo

Mvua za Novemba zilipopumzika siku mbili, nilivuta sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda ili nivitazame viko vyangu. Viko ni saba. Vitano vilikuwa vimeota manyoya meupe ndani ya bakuli, laini kama ya mkate uliosahauliwa, na mrija wa kile ninachokipenda kuliko vyote, cha koko, babu yangu, ulikuwa umegeuka rangi ukawa kama jani bovu. Sanduku lilikuwa limefungwa barabara, na hapo ndipo kosa lilipokuwa. Nilivifungia pamoja na unyevu wao, nikaupa miezi miwili ufanye kazi gizani.

Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa vitu viwili ambavyo mtu wa Butembo anavijua vyema: ule unaofunika vilima asubuhi mpaka pikipiki zinapita zimewasha taa, na ule unaoota juu ya viatu, vitabu na mbao. Wa kwanza ndiye mama wa wa pili. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta, na mvua hutujia misimu miwili kwa mwaka. Ukishuka Beni joto linaongezeka, lakini msitu uko karibu na hewa ni nzito, kwa hiyo ukungu huko huota upesi zaidi. Vitabu vya Ulaya vinavyofundisha kutunza viko viliandikwa kwa watu wanaoishi ndani ya nyumba zinazopashwa moto miezi sita, na tabu yao kubwa ni tumbaku kukauka. Sisi tabu yetu ni kinyume chake. Katika nchi hii kiko ni cha kukaushwa: kabla ya kuvutwa, baada ya kuvutwa, na hata kisipovutwa. Mengine yote nitakayoyaeleza yanatoka hapo.

Lakini kabla ya utamu niseme ukweli bila kuupinda. Tumbaku huua. Shirika la Afya Duniani linahesabu zaidi ya watu milioni 7 wanaokufa kwa ajili yake kila mwaka, na kiko hakina msamaha. Hata asiyemeza moshi anaweza kupata kansa ya mdomo, ya ulimi au ya koo, kwa kuwa moshi unakaa pale pale. Kama hujawahi kuvuta, usianze kwa sababu yangu. Kama kuna mtoto au mama mwenye mimba chumbani, kiko kibaki ukutani. Mimi navuta mara mbili kwa juma, Jumamosi na Jumapili jioni, nje barazani, bakuli moja dogo, na moshi siupitishi kooni. Hatari haiishi kwa hilo, inapungua tu. Nawaandikia wale ambao tayari wana kiko mkononi, na wale wengi waliorithi viko vya wazee na hawajui wavifanyie nini.

Kuna jambo jingine la afya, na hili ni la kwetu hasa. Zamani kiko kilizunguka. Wazee walikaa na kasiksi yao, pombe ya ndizi, mazungumzo yakanoga, na kiko kikapita mdomo kwa mdomo. Kumnyima mwenzio mvuto mmoja kulihesabiwa uchoyo. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa katika eneo la Beni, kule Mangina. Ikaingia Beni mjini, ikafika Butembo na Katwa, na mpaka ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Virusi vyake hupita katika maji ya mwili, na mate ni maji ya mwili. Tulinawa kwa maji ya klorini kwenye kila mlango, tukaacha kupeana mikono, na kiko kikaacha kuzunguka. Mikono tumerudia kupeana. Kiko naomba tusikirudishe kwenye mzunguko. Mgeni akija, mpe kiko chake cha gunzi aende nacho nyumbani.

Kiko cha gunzi hakina gharama. Chagua gunzi nene la mahindi yaliyokomaa shambani, ulikaushe juu ya jiko miezi miwili au mitatu mpaka ukiligonga linatoa mlio wa mti. Kata kipande cha urefu wa vidole vitatu. Kwa ncha ya kisu komba kiini laini, lakini kitako ukiache kinene, kwa sababu hapo ndipo moto unapotobolea. Karibu na kitako toboa tundu la pembeni, uchomeke mrija wa mwanzi mwembamba kama kalamu, ambao vifundo vyake umevipasua kwa waya uliopashwa moto. Ndani ya bakuli paka asali kidogo iliyochanganywa na unga wa makala, uache ikauke siku mbili. Wamarekani wa mji wa Washington, jimbo la Missouri, wanatengeneza viko vya magunzi tangu mwaka 1869 na wanaviuza dunia nzima. Sisi magunzi tunayatupa jikoni. Kiko cha gunzi hakiishi miaka, lakini kina sifa ambayo kiko cha bei kubwa hakina: kinakunywa unyevu, na ulimi hauungui. Anayeanza kujifunza kujaza na kuwasha ajifunzie hapo.

Kiko cha udongo ndicho cha wazee wa vijijini. Hakiongezi ladha yake wala hakipunguzi. Unachoonja ni jani tupu. Ubaya wake ni kwamba kinachoma vidole na kikianguka kimekwisha. Uzuri wake ni kwamba hakihitaji dawa yoyote. Kikijaa lami, toa mrija, weka bakuli katikati ya makala yaliyoiva kwenye babula, jiko la makala, ukiache mpaka weusi wote uungue na udongo urudie rangi yake, kisha kizike ndani ya majivu kipoe polepole. Usikitie maji kikiwa moto, kitapasuka mikononi mwako.

Sasa tuje kwenye mti. Viko vingi vya dukani, na vile walivyoacha mapadre na walowezi wa Kibelgiji, vimechongwa kwa erika, mti ambao wataalamu wanauita Erica arborea. Kinachotumika ni ule uvimbe mgumu ulioko kati ya mizizi na shina. Huchemshwa saa nyingi ili utomvu utoke, kisha hukaushwa kwa miezi mingi, na baada ya hapo unastahimili moto kuliko mti wowote wa kawaida. Mji wa Saint-Claude, katika milima ya Jura ya Ufaransa, umekuwa ukivichonga tangu katikati ya karne ya 19. Wanachokisahau wengi ni kwamba erika hiyo hiyo ni mti wa kwetu pia. Anayepanda Ruwenzori kutokea Mutsora, akipita kibanda cha Kalonge na kile cha Mahangu, anaingia msitu wa erika ndefu kama nyumba, zimefunikwa ndevu za kijani, maji yakidondoka mchana kutwa. Nilisimama pale nikiwa kijana, kiko cha koko mfukoni, na hakuna aliyeniambia kwamba nimebeba ndugu wa miti ile. Ile ni hifadhi ya Virunga, mbuga iliyoanzishwa mwaka 1925, na mti unaomea polepole vile kwenye baridi ile si wa kukatwa na yeyote kwa ajili ya kiko. Ukitaka mti wa kuchonga mwenyewe, tafuta kisiki kikavu cha mpera au cha mparachichi uliokufa kwenye parsele yako. Mparachichi ni mwepesi na huungua upesi, mpera unavumilia zaidi.

Aina ya nne ni ya jiwe, na hii nayo ina hadithi ya Afrika Mashariki. Wajerumani waliliita meerschaum, yaani povu la bahari, kwa weupe na wepesi wake. Lile linalosifiwa zaidi hutoka Eskişehir, Uturuki, lakini liko jingine katika bonde la Amboseli, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Katika karne iliyopita kampuni ya Tanganyika Meerschaum ya Arusha ililichimba na kutengeneza viko vilivyouzwa Ulaya na Marekani, vingine vikiwa na alama ya tembo na jina lililoandikwa wazi: Kiko. Wazungu wengi walijifunza neno hilo la Kiswahili bila kujua kwamba ni Kiswahili. Ukikuta kimoja kwenye soko la vitu vilivyotumika, Kampala au Nairobi, kinunue. Jiwe la Amboseli ni gumu na zito kuliko la Uturuki, halipasuki ovyo, na kadiri linavyovutwa linageuka rangi kama chai ya maziwa, kisha kama asali. Kiko cha jiwe usikiache kijenge ukoko ndani. Kifute kila mara kwa kitambaa kikiwa kimepoa.

Nimetaja ukoko, na hapa wengi hukosea. Ndani ya kiko cha mti, masizi hujenga ganda jeusi kama ukoko wa bugali chini ya sufuria. Ganda hilo ni kinga: linauzuia moto usile mti na linanyonya unyevu. Unene wake uwe wa milimita 1, kama sarafu nyembamba, usizidi. Likizidi, siku moja litavimba kwa joto na kupasua bakuli, maana mti na masizi havitanuki sawa. Likwangue kwa kisu butu, ukizungusha taratibu, kisha umalizie kwa msasa laini uliouviringisha kwenye kidole. Kisu chenye makali hutoboa kuta. Kiko kipya hakina ukoko, kwa hiyo mara kumi za kwanza jaza nusu tu na uvute mpaka chini, ili ganda lianzie kwenye kitako.

Tumbaku nayo. Jani letu la nyumbani, lile mama zetu wanaloliotesha nyuma ya jiko na kulisokota likauzwa sokoni, ni kali sana. Limekaushwa kwenye dari juu ya moshi wa kuni, kwa hiyo ni jamaa wa tumbaku ya moshi ya Songea na Namtumbo kule Tanzania. Wazee walilivuta tupu, na kijana akilijaribu tupu jioni kabla ya kula atashikwa na kizunguzungu na kutapika. Dawa si kuliacha, ni kulichanganya. Fikiria mchanganyiko kama mchuzi: kuna kitu cha kujaza sufuria, kuna cha kuleta utamu, na kuna pilipili.

Cha kuleta utamu ni Virginia, jani ambalo Watanzania wanaliita tumbaku ya mvuke, lile linalolimwa Tabora na Urambo. Lina sukari nyingi, linanuka kama nyasi kavu, na kwa sababu ya sukari hiyo huungua kwa joto kali na kuuma ulimi wa mwenye pupa. Cha kujaza sufuria ni Burley, ambayo Malawi wanaijua kuliko sisi sote; imekaushwa kwa hewa kivulini, sukari yake ni kidogo, ladha yake inakaribia karanga, na inapoza moto wa Virginia. Pilipili ni jani letu. Pima kwa kijiko: vitatu vya Virginia, kimoja cha Burley, kimoja cha jani la nyumbani lililotolewa mshipa wa katikati na kukatwa nyembamba. Ukiona bado kali, rudisha la nyumbani nusu kijiko. Wenye ndugu wanaokwenda Dubai wanaweza kuomba kopo moja la mchanganyiko wenye Latakia, jani la Siria na Kupro linalokaushwa kwa moshi wa vichaka vyenye harufu, au wenye Perique ya Louisiana, inayoshindiliwa ndani ya mapipa ikachacha kwa muda wa mwaka mzima. Vyote viwili ni viungo. Mvutaji wa Latakia tupu ni kama mlaji wa karafuu tupu.

Koko alikuwa akiisimulia tumbaku moja kama watu wanavyosimulia mapenzi ya ujana. Alikuwa seremala wa misioni huko Musienene, na mapadre Wabelgiji walimgawia kidogo ya ile waliyoletewa kutoka kwao, tumbaku ya bonde la mto Semois, karibu na mpaka wa Ufaransa. Imekatwa nyembamba kama nywele, huwaka kwa kiberiti kimoja, ina ladha ya udongo na nyasi. Nimeipata mara mbili tu maishani. Inalimwa mpaka leo na wakulima wachache mno, na nikiivuta naelewa kwa nini mzee yule hakuwahi kuzoea nyingine.

Watu wa Beni wana kitu ambacho Semois haina. Vanila inayolimwa huko ni ya daraja la juu, na Burley inanyonya harufu kama kitambaa. Chukua kipande cha vanila chenye urefu wa pingili mbili za kidole, kipasue kwa urefu, kiweke ndani ya chupa yenye gramu 100 za Burley kwa wiki mbili, kisha ukitoe. Kikikaa mwezi, utakuwa unavuta keki. Harufu inapaswa kumfikia aliyeketi karibu nawe kabla hujaisikia wewe mwenyewe.

Mchanganyiko wowote uache ndani ya chupa ya kioo wiki tatu au nne majani yazoeane. Chupa za jemu zinafaa, zikishachemshwa na kukaushwa juani mpaka zikauke kabisa. Plastiki inapitisha hewa na inatoa harufu yake. Bandika karatasi, uandike tarehe na vipimo, maana mchanganyiko mzuri uliosahaulika hauna faida. Na ukifungua chupa ukaona weupe juu ya majani, usikimbilie kutupa wala kuvuta. Uchukue nje kwenye jua. Ukimetameta kama punje za sukari na harufu ni tamu, ni chembe za jani lenyewe zilizotoka. Ukiwa na manyoya na harufu ya ghala lililofungwa, ni ukungu. Tupa chupa nzima, hata kama ilikugharimu dola 20. Moshi wa ukungu hauchujwi na kitu.

Unyevu wa tumbaku hupimwa kwa vidole. Bana kidogo kati ya gumba na kidole cha shahada, kisha achia. Ikibaki donge, ni mbichi mno. Itandaze kwenye sahani hatua mbili kutoka kwenye babula kwa robo saa. Ikivunjikavunjika, imekauka mno. Ikijifungua yenyewe taratibu kama mtu anayeamka, jaza kiko. Mwezi wa nne na wa kumi na moja hapa Butembo sijazi kabla ya kuitandaza. Kiko kinacholia korokoro, ulimi unaoungua, moto unaozimika kila dakika, mara nyingi vyote vitatu ni kilio kimoja: tumbaku ni mbichi. Watu wa pwani walikuwa na kiko cha maji, chenye bori la tumbaku juu, digali inayoshuka ndani ya kifuu cha nazi, na shilamu ya kuvutia, na mlio wa maji yale, malio ya kiko, ulikuwa sehemu ya raha. Kwenye kiko kikavu mlio ni ugonjwa. Pitisha waya laini uliozungushiwa pamba kupitia mrija, hata katikati ya kuvuta, uufute unyevu, uendelee.

Kujaza kwenyewe: dondosha tumbaku mpaka bakuli lijae bila kushindilia, kisha ibonyeze mpaka nusu kwa uzito wa kidole tu. Ongeza, bonyeza mpaka robo tatu. Ongeza tena, bonyeza kwa nguvu kidogo. Vuta bila moto: ikivutika kama mrija wa soda ndani ya glasi, umepatia; ikivutika kama uji mzito, mwaga uanze upya. Washa kwa kiberiti cha mti baada ya salfa kuungua, zungusha moto juu yote, majani yatainuka kama yanaamka. Yalaze kwa kitu cha chuma chenye kichwa bapa, msumari mkubwa uliosuguliwa unatosha, kisha washa mara ya pili. Wazee huokota kaa la moto kwa koleo na kuliweka juu, nami nakubali, kwa kiko cha udongo tu. Cha mti kitaungua ukingo.

Baada ya hapo, usivute. Namaanisha: pumua, na kiko kikiwa mdomoni pumzi yako itakifanyia kazi. Mkono ukishika bakuli usilazimike kuliachia. Likichoma, liweke chini dakika tano, acha lizimike. Kuzimika si aibu. Bakuli la gramu 3 likikuchukua chini ya nusu saa, umelikimbiza.

Kosa langu kubwa lilitokea hapo, mwishoni. Nilikuwa na haraka ya kwenda kwenye mazishi, nikachomoa mrija kiko kikiwa bado moto. Mti uliotanuka ulikuwa umeubana mrija, nao ulipotoka shingo ilipasuka kwa urefu, mlio mdogo tu kama kuvunja kijiti. Fundi wa kwanza aliipaka gundi ya bomba, ikayeyuka siku ya pili na kunuka vibaya. Wa pili alikuwa sonara. Alikata pete ya shaba nyekundu, akaipasha moto, akaivalisha shingoni, na ilipopoa ilizibana pande mbili za ufa zikawa moja. Miaka tisa sasa. Mafundi wa dhahabu wa Butembo wanajua mambo ambayo hatuwaulizi. Lakini wewe usifike huko: mrija utoke kiko kikiwa baridi, kwa kuzungusha upande mmoja, bila kutikisa.

Kila baada ya kuvuta, mwaga majivu bila kugonga bakuli ukutani, pitisha waya wa pamba mara mbili, uache mmoja ndani ulale humo. Kiko cha mti kipumzike siku nzima, na hapa kwetu nasema siku mbili. Ndiyo maana mtu mwenye kiko kimoja tu hupata kiko kichungu. Viko vitatu vya bei ya chini vinavyopokezana ni bora kuliko kimoja cha fahari kinachochoshwa.

Vile vitano vilivyoota ukungu niliviponya hivi, nje, pua nikiwa nimeziba kwa kitambaa. Niliufuta ukungu kwa pamba iliyoloweshwa pombe kali, nikakwangua ukoko wote wa zamani mpaka mti ukaonekana. Kisha nikajaza mabakuli pamba safi, nikadondoshea pombe mpaka ikalowana, nikaziba mrija, nikaacha usiku kucha. Asubuhi pamba ilikuwa ya kahawia iliyokolea. Nilirudia usiku wa pili, na wa tatu kwa kimoja kilichokaidi. Baada ya hapo vilikaa wiki nzima kivulini penye upepo bila kuguswa. Pombe iwe ile inayonyweka, kama waragi ya dukani inayopita Kasindi. Lotoko, ile pombe kali ya kienyeji, usiitumie kamwe, maana huwezi kujua mpishi wake ameacha sumu gani ndani, na mti unatunza ulichoumwagia. Mrija mweusi uliogeuka kijani ni wa mpira uliochanganywa na salfa, na adui wake ni jua na unyevu. Usugue kwa magadi laini ya kuokea na maji kidogo, ukaushe, upake tone la mafuta yasiyo na harufu, kisha ufute mpaka kitambaa kisilete kitu.

Sanduku la bati nimelitoa chumbani. Seremala wa jirani amenichongea ubao wenye matundu saba, umetundikwa ukuta wa ndani, ule usiopigwa na mvua, mbali na jiko na mbali na dirisha la magharibi. Viko vinasimama bakuli chini na mrija juu, ili unyevu uliobaki usiteremke mdomoni. Msimu wa mvua navigusa vyote kila Jumapili, hata nisivyovivuta, navuta hewa tupu mara mbili kupitia kila kimoja na kunusa. Pua ndiyo itakayokuambia kabla ya jicho.

Neno langu la mwisho ni kwa waliorithi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya eneo la Beni yamewafanya maelfu wakimbie usiku wakiwa na walichoweza kubeba. Mzee mmoja aliyekuja kukaa kwenye parsele ya jirani yangu alifika na nguo za mwilini, bidoni tupu, na kiko cha udongo ndani ya mfuko wa koti. Havuti tena; kifua kimekataa. Nilimsaidia kukichoma ndani ya babula mpaka kikawa safi, akakiangalia muda mrefu, akanitajia aliyekifinyanga na kijiji alichotoka. Niliandika yote mawili kwenye karatasi ndogo, tukaifunga kwa uzi shingoni mwa kiko.

Nyumbani nilifanya vivyo hivyo kwa kile cha koko: jina lake, Musienene, mwaka 1958, kutoka kwa padre aliyekuwa anarudi kwao. Kama una kiko cha mzee ndani ya kabati, uvute usivute, kitoe wiki hii, kikaushe, na umuulize aliye hai kilikuwa cha nani kabla naye hajaondoka.